Kijiko cha Kwanza

Nyumbani kwangu Kanamkemer wali haulali. Ukibaki, kuku wanakula, na kuku wakishiba naumwaga. Shemeji zangu hunicheka. Wanasema nimesoma mpaka nimeanza kuogopa chakula, na kwamba mtu aliyekulia Namoruputh kwa maziwa ya kibuyu na nyama ya kuanikwa juani hana ruhusa ya kujifanya mzungu mbele ya sahani. Wanaonijua watakwambia mimi ni mkali kwa mambo mengi. Kwa hili la wali ni mkali zaidi, na sijawahi kuwaeleza sababu.

Kazi yangu ni ya maabara, hapa Lodwar, katika chumba chenye friji, meza mbili na mashine ndogo ya vinasaba ambayo kila mgeni hudhani ni ya kutengenezea kahawa. Watu hufikiri mtu akila chakula kibaya, sisi tunatafuta tu kama kuna bakteria. Ingekuwa hivyo, ningekuwa nalala mapema. Kuna bakteria mmoja wa vumbi na nafaka ambaye yuko kwenye mchele kabla haujapikwa, yuko kwenye upepo wa mji huu, na bila shaka yuko kwenye nywele zangu ninapoandika. Wengi wa jamii hiyo hawana neno na mtu. Wachache wamebeba jeni inayowawezesha kutengeneza sumu ya kutapisha, na hao ndio wa kuogopwa. Ukiwaotesha kwenye sahani ya maabara huwezi kuwatofautisha kwa macho. Mashine haijali sura. Inaitafuta jeni ile moja, na ikiipata inainakili tena na tena mpaka mstari unapanda kwenye kioo. Isipokuwepo, mstari unabaki chini, umelala.

Siku moja ya kiangazi afisa wa afya wa upande wa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, alinipigia simu kabla sijavaa koti. Ni kijana wa kwetu, Mturkana, mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri.

"Madam, ejok," alinisalimu kwa Kiturkana. "Huku mambo imechafuka," akaendelea. "Kuna mtoto wa Burundi amekufa kambini, na wengine wametapika vibaya. Watu wanasema kuna mama Mkongomani amewalisha sumu. Kuja na ile box yako ya barafu. Kuja sasa, kwa sababu wakishamaliza kuzika, sijui huyo mama watamfanya nini."

Nikamuuliza kama chakula kimebaki.

"Sufuria iko. Wameifunga."

"Kwenye friji?"

Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Kwa kamba, madam."

Niliondoka na dereva wetu na sanduku la barafu katikati ya miguu yangu. Njia nzima niliikasirikia ile kamba. Chakula kikikaa kwenye joto letu kinageuka kuwa shamba, kila mdudu anaota humo, na ukija kukipima unapata jibu la leo wakati swali ni la juzi.

Sufuria ilikuwa chini ya turubai nje ya ua, imezungushwa kamba ya manila, na vijana wawili wamekaa karibu nayo. Waliponiona walisimama, wakanipisha kwa heshima nyingi mno. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na nyumba ya udongo, mlango wa bati umefungwa. Mbele ya mlango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mzee wa kanisa, Mkongomani naye. Pembeni ya njia kulikuwa na mawe. Hayakuwa mengi, lakini yalikuwa ya ukubwa mmoja, na mtu alikuwa ameyapanga vizuri. Sikuuliza ni ya nini, na hakuna aliyeniambia.

"Karibu, dada," mzee alisema bila kuinuka. "Unisamehe, siwezi kusimama. Nikitoka kwenye hii kiti, watu wataingia."

Alinieleza hapo hapo, akiwa ameketi. Jirani, mama Mrundi, alikuwa amempeleka mtoto wake mchanga kubatizwa Jumapili. Baada ya ibada kulikuwa na karamu ndogo: maharage, mboga, na wali. Wali ulipikwa na huyu mjane Mkongomani aliyekuwa nyuma ya mlango, kwa sababu yeye ndiye rafiki mkubwa wa mama mwenye sherehe, na kwa sababu hakuna anayejua kupika wali katika mtaa ule kumshinda. Kabla jua halijashuka watoto walianza kutapika. Dada yake yule mchanga, msichana mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuimba kwaya ya watoto, hakuacha kutapika. Macho yakawa ya njano. Hospitalini walimpigania, ini likakataa.

"Kwetu kule," mzee akaendelea, "mwenye kupika anaonja wa kwanza, mbele ya batu bote. Hata pombe, hata chai. Ni heshima, na ni kusema: tazameni, sina mabaya na ninyi. Huyu mama alichota kijiko, akala, tukapiga makofi. Batu bote tuliona. Na yeye hakutapika." Akanitazama usoni. "Sasa unaona shida yetu, dada. Angetapika, angekuwa salama."

Niliona. Niliona pia jinsi mzee mwenyewe alivyokuwa mgonjwa wa kutokulala, na jinsi asivyojua anamlinda mwenye hatia au asiye na hatia. Ile desturi iliyowekwa ili kumtakasa mpishi ndiyo iliyomtia kitanzini. Hasira zilinipanda, halafu zikashuka, kwa sababu swali lao lilikuwa zuri. Mimi mwenyewe nilitaka kujua: kwa nini hakutapika?

Akaniruhusu kuingia.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani, nadhifu, kilemba kimefungwa vizuri. Nilitarajia machozi. Alinikaribisha kwa sauti tulivu, akaniomba radhi kwamba hana chai ya kunipa, kisha akasema yeye hakuweka kitu chochote kwenye chakula, na Mungu anamwona.

"Nieleze tu ulivyopika, mama," nilimwambia. "Usiruke kitu."

Hakuruka. Na kila alivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikia baridi, ndani ya nyumba ile iliyowaka kama tanuri.

Mwanzo wa yote ni kuni. Kambini kuni ni mgao, na mgao hautoshi. Mwanamke akitoka kwenda porini kutafuta, anakutana na sisi Waturkana wenye miti, na sisi si wapole; hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Kwa hiyo wanawake wa kambi wamejifunza kubana. Wanachemsha sufuria, wanaiondoa motoni kabla chakula hakijaiva, wanaiweka ndani ya kapu lililojazwa matambara, wanaifunga blanketi, na chakula kinajiivisha chenyewe kwa joto lake. Kwa maharage ya mchana ni akili kubwa, nami nimewahi kuwasifu. Lakini Jumapili asubuhi kulikuwa na ubatizo. Mjane alipika wali Jumamosi jioni, sufuria kubwa ya kukopa, akaufunga blanketi mbili ili usipoe, akaenda kulala. Baada ya ibada akaufungua.

"Ulikuwa bado na joto?" niliuliza.

"Katikati ulikuwa vuguvugu, muzuri kabisa. Pembeni ulikuwa umepoa," alisema, na nikasikia fahari kidogo ya mpishi. "Lakini miye sikuuacha hivyo. Nilinyunyiza maji, nikaurudisha ku moto mpaka ukatoa moshi. Moto inaua kila kitu, si ndiyo?"

Mbegu za yule bakteria hazifi kwa mchemsho wa kwanza; zinajificha, na wali ukishuka mpaka joto la mwili wa mtu zinaamka. Usiku mzima chini ya blanketi mbili zilikuwa na kila kitu zilichohitaji. Mchemsho wa pili unawaua wenyewe, ndiyo, ila sumu waliyokwisha kuiacha haisikii moto. Unaweza kuichemsha mpaka maji yaishe.

"Ulionja upande gani?"

Alishangaa. "Juu, pembeni. Siwezi kuchimba katikati ya chakula ya wageni. Ni aibu."

"Na watoto ulipakulia wapi?"

"Katikati," alisema. "Ndiyo kulikuwa laini."

Nilikata ile kamba, nikachota sampuli kwenye sufuria: juu pembeni, katikati, chini. Vijana walitazama kila kijiko. Lakini nilijua wali ule peke yake hautasimama mbele ya mtu yeyote mwenye akili. Ulikuwa umekaa kwenye joto siku nyingi kupita kiasi, na chochote ambacho ningekipata, mtu angesema kiliingia baadaye. Nilihitaji kitu cha siku yenyewe. Watoto waliopona walikuwa wameoshwa, nguo zimefuliwa, sakafu zimefagiwa. Afisa wa afya alinivuta pembeni.

"Iko kitu moja," alisema. "Lakini ni ngumu kuomba."

Mama wa marehemu alikuwa amekaa katikati ya wanawake wenzake, mtoto mchanga ananyonya. Juu ya goti lake kulikuwa na kitenge cha kijani kilichokunjwa. Alimbeba binti yake ndani ya kitenge hicho mpaka hospitali, na mtoto alikuwa amekitapikia njiani. Alikuwa amekataa kukifua. Wenzake walijaribu kumnyang'anya, akawauma.

Nilikaa chini kwenye vumbi, nikamweleza ninachotaka na kwa nini. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ukikichukua, utanirudishia?"

"Sikichukui. Nataka kona tu, mama. Kipande kidogo, pale palipokauka."

Akaomba wembe, akakata mwenyewe. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Yule alikuwa rafiki yangu. Mtoto akitapika, yeye ndiye alimushika kichwa. Niambie tu nimuchukie ama nisimuchukie. Siwezi kukaa katikati."

Mzee wa kanisa alinisindikiza kwa macho tu, kutoka kwenye kiti chake. Alisema mtaa utakutana Jumapili baada ya ibada. Kabla ya hapo, atakaa mlangoni. Baada ya hapo, bila jibu, hana la kuwaambia watu. "Kiti changu hakiwezi kukaa hapa siku zote, dada," alisema, na nilimwamini.

Kuna watu wanaofikiri maabara ni mahali pa utulivu. Waje Lodwar wakati kiyoyozi kimekufa. Vimiminika vyetu vinataka baridi, mashine inataka umeme usiopepesa, na mimi nataka chumba kisicho na vumbi, katika mji ambao vumbi ndiyo hewa. Siku niliyopima, chumba kiliwaka mpaka glavu zikawa zinateleza. Nikafungua dirisha, inchi chache tu. Nilitoa vinasaba kutoka kwenye kipande cha kitenge na kutoka kwenye wali, nikavigawa kwenye vichupa, na mwisho nikaweka kichupa cha maji matupu.

Hicho cha maji ndicho dhamiri ya kazi yetu. Hakina kitu, na hakitakiwi kusema kitu. Kikinyamaza, unaweza kuwasikiliza wengine.

Mistari ilianza kupanda. Wa katikati ya sufuria ulipanda, wa kitenge ulipanda, na moyo wangu ukapanda nayo. Halafu, polepole, wa maji nao ukainua kichwa.

Nilisema maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenipiga kofi. Kuna kilichoingia: vumbi la dirishani, glavu yangu, tone lililoruka, sijui. Maji yakishasema ndiyo, ndiyo ya wengine wote haina maana. Na vinasaba vya kitenge vilikuwa vimebaki vya kutosha kupima mara moja tu.

Simu ikalia wakati bado nimesimama nikiutazama mstari ule. Alikuwa afisa wa afya.

"Madam, una jibu?"

"Bado."

"Zile mawe," alisema, "zimeongezeka."

Nitasema wazi nilichokitaka saa ile. Nilitaka kumwambia ndiyo, nimepata. Nilikuwa na uhakika moyoni kama nilivyo na uhakika wa jina langu. Ningeandika ripoti, mjane angetoka nyumbani, mzee angelala. Nani angejua habari za maji? Lakini vijana wa kule nao walikuwa na uhakika moyoni. Walikuwa wamemwona mtu akila na asitapike, na hilo likawatosha. Nikisema ndiyo kwa mashine iliyosema ndiyo kwa kila kitu, nilikuwa na tofauti gani nao? Nilimwambia angoje, nikafunga simu, nikafunga na dirisha.

Niliosha meza kwa dawa ya jiki mpaka macho yakatoka machozi. Nilitupa maji yote tuliyokuwa tukiyatumia nikafungua mapya, nikabadilisha glavu kila nilipogusa kichupa kingine. Jasho lilikuwa likinidondoka kidevuni, ikabidi nijifunge leso kuzunguka uso. Nilitia tone la mwisho la kitenge nikiwa nimeshikilia pumzi. Umeme ulipepesa mara moja, jenereta ikakohoa na kushika, na mashine ikaendelea kana kwamba haikuona.

Mstari wa maji ulilala. Ulilala mpaka mwisho, na sikuondoa macho yangu kwake. Wa kitenge ulipanda safi. Wa katikati ya sufuria ulipanda mapema sana, maana yake wabebaji wa ile jeni walikuwa wengi kupindukia. Na wali wa juu, wa pembeni, ule wa kijiko cha kwanza, ulijikokota, ukapanda ukiwa umechoka, karibu na mwisho. Kama baada ya siku zote zile za joto pale bado palikuwa na wachache hivyo, Jumapili ya karamu walikuwa wachache zaidi: alikuwa ameonja mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kumwangusha mtu mzima. Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa furaha, na sioni haya kulisema. Nilifikiri nimeokoa mtu.

Jumapili walikutana nje ya kanisa, chini ya turubai. Mzee alikuja na kiti chake, na mjane akatembea nyuma yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka. Watu waliacha nafasi kubwa kumzunguka. Mama wa marehemu alikaa mbele kabisa, kitenge cha kijani mabegani, kona moja haipo.

Nilieleza kwa Kiswahili rahisi kadiri nilivyoweza. Nilieleza mdudu wa vumbi, jeni, blanketi, na kwa nini moto wa pili haukusaidia. Nilieleza kijiko cha pembeni na wali laini wa katikati. Nilisema hakuna mkono wa mtu ulioweka kitu. Nilipomaliza, mzee aliuliza kwa upole, "Dada, hiyo sumu yenyewe, uliiona?"

Ningeweza kudanganya. "Hapana," nilisema. "Mashine yangu inaona mwenye uwezo wa kuitengeneza. Nilimkuta mmoja yule yule kwenye sufuria na kwenye kitenge cha mtoto. Sumu yenyewe inapimwa kwa mashine nyingine, na hapa hatuna."

Minong'ono ilipita. Mwanamke mmoja wa nyuma akasimama, wala hakuwa na ubaya, alikuwa anataka kuelewa. "Haionekani," alisema, akihesabu kwa vidole. "Haina harufu. Moto haiiui. Inalala usiku muzima ikingojea batoto. Na anayeonja wa kwanza haimugusi. Dokta, sisi hicho kitu tunakijua tangu zamani. Wewe umekipatia tu jina ya Kizungu."

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kila alichosema kilikuwa nimekisema mimi.

"Basi ninyi nyote ni wachawi!" nilifoka. "Nani hapa hana kapu na blanketi nyumbani? Nyoosheni mikono!"

Hakuna aliyenyoosha. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza niliona hofu yao ikihama kutoka kwa mjane na kwenda nyumbani kwao, kwenye sufuria zao wenyewe. Mzee aliutumia ukimya ule. Alisimama akasema imetosha, mama huyu hana hatia, na jambo litafungwa kwa njia ya kwetu: atapika leo hii mbele ya watu, ataonja, na wote watakula kutoka mkononi mwake. Baada ya hapo, atakayefungua mdomo atamjibu yeye. Mama wa marehemu alitikisa kichwa kukubali. Niliona bega lake likishuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Mjane aliniomba nimsaidie kuchambua mchele. Tuliingia ndani, tukainama juu ya ungo mmoja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu.

"Kwa hiyo ilitoka mu sufuria yangu," alisema.

"Mama, hukujua. Hakuna aliyejua."

"Blanketi nilifunga miye."

"Ndiyo."

"Na katikati, nilimupakulia miye. Niliona anapenda laini, nikamuongezea." Aliacha kuchambua. "Binti yangu, bakiniita mulozi, nilikuwa nalala. Unajua? Bote walisema nimeua, na miye nililala kwa sababu nilijua sikuua."

Nilimshika mkono. Aliutoa taratibu, akarudi kwenye mchele.

Alipika nje, mchana kweupe. Nilisimama pale tangu maji yanachemka mpaka wali unakauka, na ninakwambia wali ule haukuwa na hatari yoyote duniani. Mvuke wake ulikuwa unachoma uso. Watu walikaa wamezunguka na sahani zao. Watoto waliwekwa nyuma. Mzee alisali. Kisha mjane akachukua kijiko, na safari hii akachimba katikati kabisa, mbele ya macho ya wote, akakiinua.

Kikafika karibu na mdomo kikasimama.

Nilidhani anangoja kipoe. Mvuke ukapungua, ukaisha, na bado kilikuwa pale. Midomo ilifunguka, ikajifunga. Alijaribu tena. Nilimwona akiutazama ule wali kwa namna ambayo mimi nilikuwa nimemfundisha kuutazama, punje kwa punje, akitafuta kisichoonekana. Punje zikadondoka kwenye gauni lake, na akakirudisha kijiko ndani ya sufuria.

"Siwezi," alisema. "Munisamehe. Naogopa."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mama wa marehemu ndiye aliyeinuka kwanza. Alimweka mtoto mchanga mgongoni, akamfunga kwa kitenge cha kijani, akakaza fundo mara mbili, akaondoka bila kumtazama mtu. Halafu sahani zikaanza kuwekwa chini, moja hapa, nyingine pale, zikigongana na changarawe. Watu hawakukimbia. Waliita watoto wao kwa majina, kwa sauti ya chini, wakaenda.

"Anaogopa kwa sababu ya niliyomweleza!" nilipiga kelele. "Si kwa sababu ya kitu kingine! Wali ni mzima!" Nilichukua kile kijiko, nikachota katikati, nikakijaza mdomoni mpaka ulimi ukaungua. Nikachota kingine. Nilikula nimesimama ili kila mtu aone. Walioniona walinitazama kwa huruma, kama mgeni asiyejua nyumba aliyoingia. Afisa wa afya alikuwa tayari anaongea na dereva wetu, haraka haraka, na milango ya gari ilikuwa wazi. Ndani ya saa moja tulikuwa tumemwondoa mjane na nguo zake chache, akapelekwa mahali ambapo sitapataja.

Lakini kabla ya hapo, niliposhika kijiko cha tatu, alinigusa kiwiko.

"Usimalize, binti yangu," alisema taratibu. "Tungoje kwanza tuone."

Niliendelea kutafuna. Wali ulikuwa umeiva vizuri, na chumvi yake ilikuwa ya kutosha. Nyuma yangu nilimsikia mzee akinyanyua kiti chake kutoka kwenye changarawe, akaenda nacho nyumbani.